Taa ya injini inaporejea: Kinachoua sensa za moshi katika magari makuukuu

HABASWEIN, mji wa Wajir Kusini ulioko katika barabara itokayo Garissa kuelekea Wajir, ni mahali ambapo ubovu mdogo wa gari huvunja safari nzima. Mji wa Wajir uko zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo, na Garissa ni mbali zaidi. Gari lililobeba mama mjamzito au mitungi ya maziwa ya ngamia haliwezi kungoja kipuri kiletwe kutoka Nairobi. Ndiyo sababu mwenye gari kuukuu la petroli hupata kihoro taa ya injini inapowaka, fundi akabadilisha sensa ya oksijeni, kisha baada ya majuma machache taa ile ile ikarejea.

Sensa ikifa mara ya pili au ya tatu, aghalabu ugonjwa hauko kwenye sensa. Ama kuna kitu kinachoiua, ama sensa ni nzima na inasema kweli juu ya hitilafu iliyoko kwingine.

Sensa yenyewe inakaribia plagi kwa umbo, nayo hukazwa kwenye bomba la ekzosi karibu na injini. Ilitengenezwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani na kuanza kufungwa katika magari ya Volvo mwaka wa 1976. Ndani yake mna kauri ya zirkonia ambayo haifanyi kazi hadi ipate joto la nyuzi 300 hivi za selsiasi. Kwa sababu hiyo, nyingi huwa na kipasha joto kidogo chenye waya wake. Ikiwa moshi una oksijeni nyingi, yaani petroli ni haba, sensa hutoa umeme wa volti 0.1 hivi. Petroli ikizidi, hupanda kufikia volti 0.9. Kompyuta ya gari husoma kupanda na kushuka huko, ikaongeza au kupunguza petroli. Magari mengi yana sensa ya pili nyuma ya kichujio cha kemikali kinachosafisha moshi. Kazi yake ni kuangalia iwapo kichujio hicho kingali kinafanya kazi.

Fundi mwenye kifaa cha kusomea kompyuta huona namba ya hitilafu, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. P0171 maana yake ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Haisemi sensa imeharibika. Hewa yaweza kuwa inapenya kwenye mpira uliopasuka baada ya filta, pampu ya petroli yaweza kuwa imechoka, au ekzosi imetoboka mbele ya sensa na kuvuta hewa ya nje. P0420 nayo hulalamikia kichujio cha moshi, wala si sensa iliyo nyuma yake. P0135 ndiyo inayohusu kipasha joto cha sensa ya mbele, na hata hapo fyuzi na waya hukaguliwa kwanza.

Ukaguzi huo hauhitaji mitambo ya gharama. Kwa mita ya umeme ya kawaida, fundi huchomoa soketi ya sensa, akafungua swichi na kuangalia kama umeme wa betri unafika kwenye waya wa kipasha joto. Usipofika, sensa mpya haitasaidia lolote. Ukifika, hupima ukinzani wa kipasha joto chenyewe. Kikiwa kimekatika, mita haitaonyesha njia yoyote ya umeme. Injini ikishapata moto, sensa ya mbele inapaswa kupanda na kushuka upesi, ilhali ile ya nyuma hutulia. Tahadhari moja: baadhi ya magari ya Toyota ya miaka ya 2000 yana sensa ya mbele ya aina nyingine, ile ya kupima uwiano wa hewa na petroli, ambayo haichezi kwa namna hiyo. Fundi asiyejua tofauti hiyo ataihukumu sensa nzima.

Barabara za Kaskazini Mashariki zina mchango wake. Mawimbi ya barabara ya changarawe hutikisa ekzosi hadi vishikizo vikalegea, waya ukasuguana na chuma na kuchubuka. Hitilafu ya namna hii huja na kuondoka: gari likisimama gereji, kila kitu ni sawa, likirudi kwenye mashimo, taa inawaka. Dawa yake ni kuutikisa waya kwa mkono injini ikinguruma huku mita ikitazamwa. Vumbi nalo huziba filta na kuchafua kipimo cha hewa, kompyuta ikapotoshwa. Mvua zinaponyesha na maji ya Ewaso Nyiro kutanda kuelekea kinamasi cha Lorian, gari lililochemka huingizwa majini ghafla. Kauri yenye moto ikiguswa na maji baridi hupasuka. Mtu aliyebadilisha sensa mara mbili katika msimu mmoja wa mvua angefaa kujiuliza swali hilo kabla ya kumlaumu muuza vipuri.

Halafu kuna sumu. Risasi iliyokuwa ikitiwa katika petroli iliua sensa na vichujio vya moshi, lakini Kenya iliachana nayo kufikia mwanzoni mwa mwaka wa 2006. Uchakachuaji wa mafuta haukuisha. Mwaka wa 2018 serikali ilianzisha tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuwavunja moyo waliokuwa wakiyachanganya na mafuta ya magari. Petroli iliyochanganywa haiungui vizuri, na masizi yake hufunika ncha ya sensa. Injini inayokula oili huacha majivu. Gasketi inayovuja maji ya rejeta huacha utando mweupe. Hata gundi ya silikoni ambayo mafundi hupenda kupaka kwenye gasketi, isipokuwa ya aina iliyoidhinishwa kwa magari yenye sensa, hutoa mvuke unaoiziba kauri. Hivyo basi sensa iliyotolewa isitupwe kabla ya kutazamwa: nyeusi ya masizi, nyeupe, au yenye majivu ya oili, kila rangi inaelekeza pa kutafuta.

Vipuri bandia ni tatizo la kweli, hasa sensa zisizo na soketi ambazo waya wake huunganishwa kwa kusokotwa na kufungwa utepe. Kiungo cha namna hiyo hakidumu kwenye joto na mtikisiko. Heri sensa yenye soketi yake na namba inayolingana na injini.

Wapo wanaoamua kung'oa taa ya dashibodi au kukata kichujio cha moshi, ambacho kina madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu na kwa hiyo hakikosi mnunuzi. Gari litakwenda, ila litakunywa petroli bila mwenyewe kujua sababu. Ekzosi iliyokatwa na kuungwa vibaya chini ya abiria huweza kupenyeza ndani kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini.

Haishangazi kwamba wenyeji wengi hushikilia Land Cruiser za dizeli zenye injini ya 1HZ, ambayo haina sensa hii kabisa. Moshi wake ni suala jingine.

Kwa aliye na gari la petroli, taa ikiwaka bila kumetameta na injini ikawa tulivu, anaweza kufika Wajir au Garissa kwa mwendo wa taratibu. Ikimetameta, petroli inapita bila kuungua na kichujio kinaweza kuwa chekundu kwa moto. Apunguze mwendo, asimame mahali pasipo na nyasi kavu, na akague plagi na koili zake kwanza.