Kutoka Mkanda Hadi Diski: Filamu Zetu Zinatunzwa Wapi?

Wanafunzi wengi wa filamu wa rika langu hapa Kampala hawajawahi kushika mkanda. Mimi nilibahatika. Mwaka wa kwanza mwalimu wetu alituletea Bolex ya milimita 16, kamera isiyotumia betri, ya kutiwa ufunguo kama saa ya ukutani. Mkanda wake wa futi 100 hupita kwa dakika mbili na sekunde 45 hivi, basi, umekwisha. Tulifanya mazoezi ya tukio moja asubuhi nzima kabla ya kuthubutu kubonyeza. Kisha mkanda ukapelekwa Ulaya kusafishwa, tukasubiri wiki saba bila kujua kama tumepata picha au giza. Muhula uliofuata tulipewa kamera za kidijitali, na jioni ile ile tukaitazama kazi yetu.

Kusubiri huko kulinifanya niitazame historia kwa namna nyingine. Husemwa kwamba kamera ya kidijitali ilimkomboa mtengenezaji filamu wa Afrika kwa sababu ya bei. Kwa maoni yangu, ukombozi mkubwa zaidi ulikuwa kuachana na maabara. Katika kizazi cha Ousmane Sembène na Djibril Diop Mambéty wa Senegal, picha zilipigwa Afrika lakini kwa kawaida mikanda ilisafishwa Ulaya, na mara nyingi ilibaki huko huko. Linganisha na Wakaliga, mtaa wa hapa hapa Kampala. Isaac Nabwana alipotoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, alihariri kwa kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe, na DVD zikauzwa mkononi, nyumba kwa nyumba. Hakungoja kifurushi kutoka ng'ambo.

Lakini hapo ndipo penye shida. Touki Bouki ya Mambéty, ya mwaka 1973, ilikarabatiwa Bologna, Italia, mwaka 2008, kwa kuwa mkanda ulikuwepo. Hata zile filamu za kuwafundisha "wenyeji" zilizotengenezwa na Waingereza huko Vugiri, Tanganyika, kati ya 1935 na 1937, chache bado zimetunzwa Uingereza (na sijui kama tufurahi au tuone aibu). Captain Alex je? Faili lake la asili halipo tena. Tunachotazama leo ni nakala ya kiwango cha DVD. Filamu iliyozaliwa miaka 37 baada ya Touki Bouki ndiyo iliyochakaa zaidi.

Jambo hili si la Wakaliga tu. Mwezi Machi, diski iliyohifadhi kazi za wanafunzi waliotutangulia ilikataa kuwaka. Ndani yake kulikuwa na mahojiano na wazee watatu wa Luweero kuhusu vita vya miaka ya 1980. Wawili kati yao wameshafariki. Tumeanza kuwatafuta wahitimu mmoja mmoja, tukiuliza nani alibaki na nakala. Hadi sasa tumepata mahojiano ya mzee mmoja, kwenye simu iliyopasuka kioo.