Mlima Mmoja, Mataifa Matatu: Historia ya Ulinzi wa Gorila wa Virunga

Katika safu ya milima ya Virunga upo mlima uitwao Sabinyo. Jina lake limetokana na neno la Kinyarwanda lenye maana ya jino, na kwa hakika vilele vyake vimechongoka mfano wa meno yaliyosalia katika ufizi wa mzee. Juu ya mlima huo hukutana nchi tatu: Rwanda, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Binadamu akitaka kutoka upande mmoja kwenda mwingine hudaiwa hati ya kusafiria. Gorila hadaiwi kitu. Aweza kula machipukizi ya mianzi asubuhi katika nchi moja na kulala usiku katika nchi nyingine. Kwa hiyo nchi moja haiwezi kumlinda peke yake, hata ikiwa na askari wengi na sheria kali kiasi gani. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi majirani watatu walivyoufikia ukweli huo, na gharama waliyoilipa kabla ya kuufikia.

Mwaka 1902 Kapteni Robert von Beringe, afisa wa jeshi la Wajerumani, alipanda Sabinyo na kuwapiga risasi gorila wawili. Mmoja wao alipelekwa Berlin, na mwaka 1903 mtaalamu Paul Matschie akampa mnyama huyo jina la kitaalamu linalomkumbuka afisa yule. Wenyeji, waliokuwa wakimwita ingagi tangu enzi za mababu, hawakuwa wamengoja kugunduliwa kwake. Miaka michache baadaye, mwaka 1910, Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji walikubaliana juu ya mipaka ya makoloni yao, na mstari ukapitishwa juu ya vilele. Walioishi chini ya milima, wakisema lugha moja na kuoleana, walijikuta raia wa dola tatu.

Hifadhi ya kwanza ya taifa katika Afrika ilizaliwa hapo hapo. Carl Akeley, Mmarekani aliyekuja mwaka 1921 kuwinda gorila kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York, aliona jinsi wanyama hao walivyokuwa wachache, akageuka kuwa mtetezi wao. Tarehe 21 Aprili 1925 Ubelgiji ilitangaza Hifadhi ya Albert, kwa jina la mfalme wake. Akeley alirudi mwaka uliofuata, akafariki huko huko mlimani, akazikwa Kabara, baina ya Mikeno na Karisimbi. Mwaka 1929 hifadhi ilipanuliwa ikakumbatia milima ya pande zote mbili, Kongo na Ruanda, kwa kuwa zote zilikuwa mikononi mwa Wabelgiji. Mwaka 1930 Waingereza nao walitenga eneo la gorila upande wa Uganda. Umoja huo wa ulinzi, hata hivyo, ulikuwa umoja wa amri. Wakulima, wafugaji na Batwa wa msituni hawakuulizwa neno.

Uhuru ulipokuja, Kongo mwaka 1960 na Rwanda na Uganda mwaka 1962, mamlaka moja ya hifadhi ikagawanyika. Kila taifa lilikuwa na shida zake, na Rwanda ilikuwa na watu wengi na ardhi finyu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 hekta zipatazo 10,000 za hifadhi ya Rwanda zilikatwa ili kupandwa pareto, zao la kutengenezea dawa ya wadudu iliyohitajiwa Ulaya. Ng'ombe waliingizwa msituni, na majangili wakatega tanzi za swala ambazo ziliwanasa gorila pia. George Schaller, aliyewachunguza gorila mwaka 1959 na 1960, alikadiria kuwa walikuwa wapatao 450. Dian Fossey alianza kazi Kabara mwaka 1967, akafukuzwa na machafuko ya Kongo, akavuka mpaka na kufungua kituo cha Karisoke nchini Rwanda mwaka ule ule. Aliuawa huko Desemba 1985. Hesabu ya mwaka 1981 ilikuwa imeonyesha gorila 254 tu katika Virunga nzima.

Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1991 Uganda ililigeuza eneo lake la Mgahinga kuwa hifadhi ya taifa, na mwaka huo huo mashirika matatu ya kimataifa ya uhifadhi yaliunda mpango wa pamoja wa kuwasaidia walinzi wa nchi zote tatu. Wakati wenyewe ulikuwa mbaya kupita kiasi. Vita vilikuwa vimeanza Rwanda mwaka 1990. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wakimbizi laki kadhaa walipiga kambi karibu na Goma, kandokando ya hifadhi, wakakata kuni humo kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine ya kupikia. Kisha vita vikahamia Kongo. Mwaka 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana yenyewe kwa yenyewe mjini Kisangani.

Lakini mwaka 2003, huku majeraha hayo yangali mabichi, walinzi na watafiti wa nchi tatu waliingia msituni pamoja kuwahesabu gorila. Kazi yenyewe ni ya subira. Kila gorila aliyeachishwa ziwa hujitengenezea malazi mapya ya majani kila jioni. Wahesabuji hufuata nyayo, hutafuta malazi ya usiku mmoja baada ya mwingine, na kwa ukubwa wa kinyesi hukadiria umri wa aliyelala. Kundi lililohesabiwa upande mmoja laweza kuvuka na kuhesabiwa tena upande wa pili. Kwa hiyo hesabu ya nchi moja peke yake haina maana. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari hili lilihitaji waandishi watatu. Mwaka 2003 walipatikana gorila 380. Mwaka 2010 wakawa 480. Na hesabu ya mwaka 2015 na 2016 ilitoa 604. Wakijumlishwa na wale wa msitu wa Bwindi, idadi yao duniani ilipita 1,000, na mwaka 2018 wakaondolewa katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka, wakawekwa daraja moja nafuu zaidi.

Mikataba ilifuata nyayo za kazi hiyo. Mwaka 2004 mamlaka tatu za hifadhi zilitia sahihi makubaliano. Mwaka 2005 mawaziri walitoa tamko la pamoja mjini Goma. Baadaye ilikubaliwa pia kwamba kundi la gorila waliozoeshwa kutazamwa na watalii likivuka mpaka, mapato yagawanywe baina ya nchi lilikotoka na nchi lilikokwenda. Kundi la Nyakagezi la Mgahinga limewahi kuvuka hivyo na kurudi. Fikiri, ndugu msomaji: serikali zilizokuwa zikishtakiana mbele ya mataifa zilikubaliana kugawana fedha za mnyama mhamaji.

Haifai kuisifu kazi hii bila kutaja walioilipia. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa katika historia ya Hifadhi ya Virunga ya Kongo. Batwa waliondolewa Mgahinga na Bwindi, na wengi wao wakabaki bila ardhi. Mkulima wa mpakani huona nyati wakila viazi vyake, huku mtalii akilipa fedha nyingi kumwona gorila kwa saa moja. Sehemu ya mapato hurudishwa vijijini, lakini deni halijaisha. Na vita vilivyofufuka mashariki ya Kongo mwishoni mwa mwaka 2021 vimeonyesha kuwa ulinzi huu ungali dhaifu kama utando.

Sisi walimu tunayo sehemu yetu. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini Kongo. Uganda ilikitambua katika katiba mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Ambapo karatasi za ofisini ni za Kifaransa upande mmoja na za Kiingereza upande wa pili, lugha hii yaweza kubeba taarifa za doria, mafunzo ya walinzi na malalamiko ya mkulima. Tuwafundishe wanafunzi wetu maneno yake: hifadhi, doria, tanzi, fidia, ujirani. Na tuwafundishe pia kwamba umoja wa mwaka 1929 uliletwa kwa amri ukavunjika. Huu wa sasa umeletwa kwa makubaliano, nao utadumu kadiri wanaoishi chini ya Sabinyo watakavyoona kuwa ni wao pia.