Koltani ya Goma na Utando wa Kioo

Historia ya koltani, jiwe lenye tantalamu linalouzwa kupitia Goma, mashariki mwa Kongo, imezoeleka kusimuliwa kwa bunduki na magunia. Ni kweli, lakini haitoshi, kwa maana inamwacha mnunuzi gizani. Mnunuzi hakulitaka jiwe. Alitaka utando wa oksidi ya tantalamu, metali aliyoigundua Anders Gustaf Ekeberg wa Sweden mwaka 1802. Metali hiyo ikitumbukizwa katika mmumunyo na kupitishiwa umeme, juu yake huota utando wenye unene wa nanomita mbili hivi kwa kila volti. Utando huo umeumbika kama kioo: atomi zake hazikupangika kwa fuwele, hivyo hakuna mipaka ya fuwele ambamo umeme ungevujia, na kapasita ndogo iliyotengenezwa kwa utando huo huweza kubeba chaji nyingi. Maabara zina njia nyingine ya kuupata: mmumunyo wa etoksidi ya tantalamu hudondoshwa juu ya kisahani kinachozungushwa maelfu ya mizunguko kwa dakika, ukatandaa sawasawa, kisha ukakaushwa kwa joto. Joto likifika nyuzi 700 hivi, fuwele huanza kujitokeza na sifa ile ya kioo hupotea.

Nasema Goma haikuwa na sauti juu ya bei kwa sababu iliuza jiwe kwa watu walionunua utando. Mwaka 2000 bei ilipanda mara kadhaa, na mwezi Novemba waasi wa RCD waliotawala mji wakaipa kampuni ya SOMIGL ukiritimba wa kusafirisha koltani. Waliamini kwamba mwenye mlango pekee ndiye mpanga bei. Mwaka uliofuata bei ikaporomoka na ukiritimba ukafa. Wanunuzi walikuwa na akiba ghalani na madini ya Australia, na wahandisi wao waliweza kutumia kapasita za seramiki au alumini katika vifaa vingi. Mchimbaji wa Masisi, kwenye machimbo, hakuwa na cha kusubiria.

Wapo watakaosema kosa lote ni la vita. Vita imeua watu wetu na sitaipunguzia uzito. Lakini kampuni ya SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976, ilichimba Kivu miaka mingi kabla ya vita ya 1996, nayo pia iliuza madini yaliyooshwa tu, koltani ikifuata nyuma ya kasiteriti, yaani jiwe la bati. Waasi wa M23 walipoyateka machimbo ya Rubaya mwaka 2024, kisha Goma Januari 2025, aliyebadilika ni mtoza ushuru. Jiwe liliendelea kuondoka likiwa jiwe.

Pingamizi zito zaidi ni la kiwanda cha kusafishia koltani. Kuitenga tantalamu na niobiamu iliyomo pamoja nayo katika jiwe huhitaji asidi ya hidrofloriki, sumu kali ambayo hakuna mwenye akili angependa iwe karibu na Ziwa Kivu bila ulinzi madhubuti. Nakubali. Hata hivyo ujuzi wa utando hausubiri kiwanda. Mashine ya kuzungushia, tanuru na vipimo vya umeme vinaenea katika chumba kimoja, na umeme wa maji upo: kituo cha Matebe, chenye megawati 13 hivi, kilizinduliwa Desemba 2015. Vyuo vikuu vya Goma na vifundishe kemia ya tantalamu sasa, ili siku mji utakapokaa tena mezani na wanunuzi, upande wetu uwe na watu wanaojua kinachonunuliwa.