Vitambaa vya Mama: Sebule Zetu za Nyanda za Juu Zilivyopata Rangi

Dada zangu wa visiwani na wote mnaosoma,

Mwezi wa saba mwaka jana mama yangu alitoka Iringa kuja kunitembelea Mbeya. Mwezi huo huku kwetu ni baridi, ukungu mpaka saa nne. Asubuhi akanikuta nafuta vumbi kwenye cherehani kwa kitambaa cheupe chenye maua mekundu ya kudarizi. Akakitazama, hakusema neno, akaenda kuchukua udhu. Jioni ndipo nilipokumbuka. Kitambaa kile alikidarizi yeye kabla sijazaliwa, na kilikaa kwenye mgongo wa kochi letu utoto wangu wote.

Mimi ni fundi wa mapazia na mito ya makochi. Naingia sebule nyingi zilizopooza: kuta za kijivu, makochi ya kahawia, dirisha dogo. Neno langu la kwanza kwa mteja lilikuwa, "Kwanza toa haya matambaa." Baada ya siku ile nilimwomba mama radhi, nikaanza kumuuliza na kusoma ninachopata kuhusu namna nyumba zetu zilivyopambwa zamani. Haya ndiyo niliyoyaona.

Udongo kabla ya rangi ya dukani

Nyumba za zamani hazikuwa na sebule kama ya leo. Wahehe wa Iringa walijenga tembe, nyumba ndefu ya udongo yenye paa bapa la udongo. Ilizuia baridi, lakini ndani palikuwa na giza. Kule Rungwe, Wanyakyusa walijenga kwa mianzi na udongo. Msafiri Mskoti Joseph Thomson alipita huko mwaka 1879, akasifu sana usafi na uzuri wa nyumba zao. Waliopaka kuta na kuzipamba kwa udongo wa rangi walikuwa wanawake. Hawakununua kopo la rangi. Walijua tu udongo upi ni mweupe, upi ni mwekundu na unachimbwa wapi.

Kazi hiyo ya mikono haijafa. Wanawake wa Kikisi wa Ziwa Nyasa bado wanafinyanga vyungu na kuvipamba kwa rangi nyekundu na nyeupe, na vinauzwa mnadani Matema. Wanawake wa Iringa wanasuka vikapu vya milulu, majani yanayoota sehemu za majimaji.

Nguo iliyopanda kutoka Unguja

Hapa ndipo historia yetu inapokutana na yenu. Karne ya 19, misafara ya biashara ilitoka Pwani kwenda bara ikiwa na marobota ya nguo. Iliyotafutwa sana ilikuwa merikani, nguo nzito ya pamba isiyotiwa rangi, iliyoitwa hivyo kwa sababu ililetwa Unguja na meli za Wamarekani, hasa kutoka mji wa Salem. Nyingine ilikuwa kaniki, ya buluu iliyokoza, kutoka India. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipunguza merikani sokoni, na nguo za viwanda vingine zikaingia mahali pake. Mwisho wa karne hiyo zikaja kanga, ambazo nanyi mnajua habari zake kuliko mimi.

Kwa hiyo kabla ya reli na kabla ya lami, bara na visiwa vilikuwa vimeshaunganishwa na nguo. Kanga inayofunika meza Mwanjelwa leo ina ukoo na kanga ya Darajani.

Sindano na vilabu vya wanawake

Kudarizi vitambaa vya makochi kulikuja baadaye. Wamisionari waliofika mwisho wa karne ya 19, kama Wamoraviani wa Rungwe mwaka 1891, walifundisha wasichana kushona. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ikahimiza vilabu vya wanawake vilivyofundisha kushona, kufuma na mapishi. Baada ya uhuru, mwaka 1962 ukaundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, na madarasa ya ushonaji yakaendelea mijini na vijijini.

Mama alijifunza kwa jirani yake, Mkristo, wakikaa barazani mchana. Anasema hakuna aliyeuliza dini ya mtu. Waliulizana nani ana uzi mwekundu.

Miaka ya foleni

Wenye umri wa mama zetu wanaikumbuka miaka baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, nguo hazionekani. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na mwaka uliofuata serikali ikaanza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa.

Kitambaa nilichokifanya dasta kilishonwa miaka hiyo. Mama alifumua mfuko wa unga, akauchemsha mpaka maandishi yakafutika, akaudarizi kwa nyuzi alizochomoa kwenye sweta iliyochakaa. Alikuwa mke mpya, sebule ina viti viwili vya mbao na sakafu ya saruji. "Nilitaka mgeni akiingia aone kuna mtu anaishi hapa," aliniambia.

Mimi nilikuwa nimeona tambara tu.

Pazia la Bibi Aisha

Nilipokuwa nayawaza haya nilikumbuka kisa kilichomo katika Bukhari na Muslim. Bibi Aisha (R.A.) alitundika pazia lenye picha za viumbe, na Mtume (S.A.W.) hakulipenda. Bibi Aisha akalikata, akalifanya mto au mito miwili ya kuegemea, ikatumika nyumbani.

Wanazuoni wanakisoma kisa hiki kwa hukumu ya picha, na hiyo ni kazi yao. Mimi fundi naona jambo dogo la pembeni: nguo haikutupwa. Ilikatwa, ikashonwa upya, ikapata kazi nyingine. Dini yetu haikatazi nyumba kupendeza. Inakataza israfu.

Basi sebule yako uifanyeje?

Kabla hujakopa pesa za upatu ununue seti mpya, fungua sanduku la mama au la bibi. Kitambaa cha zamani kilowekwe maji baridi. Uzi mwekundu ujaribu kwanza: bonyeza pamba nyeupe yenye maji juu yake, na ikichukua rangi, usichanganye na vingine. Kata sehemu yenye ua, bakiza sentimita moja na nusu ya mshono kila upande, iwekee mgongo wa kitambaa kigumu kama drili, na tayari una mto.

Ukuta paka rangi ya maziwa ili mwanga wa dirisha dogo ufike mbali. Chagua rangi moja kali, uirudie mahali patatu tu: mto, pazia na kitambaa cha meza. Ukutani tundika vikapu viwili vitatu vya milulu, na pembeni weka chungu cha Kikisi. Ukivinunua, pesa inaingia mkononi mwa mwanamke mwenzako.

Kitambaa cha mama sasa ni mto kwenye kochi langu. Doa la mafuta ya cherehani halikutoka lote, nimeligeuzia upande wa mshono. Alipokuja tena mwezi wa kumi na mbili aliuchukua, akauweka mgongoni, akaomba chai.

Wateja wangu siwaambii tena watoe matambaa. Nawauliza kwanza, "Hiki alishona nani?"