Chifu kabla ya chifu

Ukiteremka mwalo wa Mwigobero hapa Musoma, utaitwa chifu kabla hujauliza bei ya sato. "Chifu, karibu!" "Chifu, nipishe nipite!" Nalipenda neno hili, kwa kuwa linampa heshima hata mbeba mizigo. Lakini lilipofika kwetu halikuwa la kila mtu.

Shina lake ni Kilatini, *caput*, yaani kichwa. Wafaransa walilirithi, Waingereza wakalichukua kwao. Shefu wa hotelini naye katoka kwenye shina hilohilo.

Wazanaki wa zamani hawakuwa na mtawala mmoja. Wazee na marika ndio walioamua mambo, na wenye mvua waliogopwa na kuheshimiwa. Wajerumani walitaka mtu mmoja wa kumtuma na kumbana, ndipo mwaka 1915 wakamsimika Nyerere Burito wa Butiama. Waingereza walipokuja wakamwacha palepale. Chini ya Gavana Donald Cameron, kwa sheria ya mwaka 1926, machifu wakawa ngazi ya serikali: kodi kwao, baraza kwao, kesi kwao.

Ikizu, upande wa Bunda, mambo ni mengine kabisa. Huko kulikuwa na watemi, na masimulizi yao yanaanza na mwanamke, Nyakinywa, aliyetoka Kanadi, Usukumani, akiwa na uwezo wa kuleta mvua. Utemi wake haukutoka kwa Mzungu yeyote. Hata hivyo, katika majalada ya wakoloni warithi wake na mteule wa Wajerumani waliandikwa chifu wote, na hadi leo wanafunzi wetu wanadhani ni cheo kimoja. Hilo linaniuma.

Mzee Burito alifariki mwaka 1942, mwanawe Edward Wanzagi akarithi kiti. Mwanawe mwingine, Julius Kambarage, ndiye aliyekuwa Rais wa Tanganyika uchifu ulipofutwa kisheria mwaka 1963. Madaraka yalikwisha, heshima ikabaki: mwaka 2021 machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan kwa jina la Chifu Hangaya.

Basi wewe mwenye babu au bibi Butiama, Ikizu au Nata, muulize wakubwa wa kwao waliitwaje kabla ya chifu, na kila mmoja alikuwa na kazi gani. Andika majina hayo kwa Kizanaki, Kiikizu na Kinata, wakati wanaoyajua bado wapo.