Karema Kabla ya Sumbawanga

Anayetafuta chimbuko la Kanisa Katoliki Ufipa hana budi kuteremka kutoka nyanda za juu hadi Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika walikabidhiwa boma la Wabelgiji huko. Wakristo wengi wa mwanzo walikuwa watu waliokombolewa utumwani, wa makabila mbalimbali. Umoja wao haukurithiwa; ulijengwa.

Historia zetu hupenda kuhesabu maaskofu. Mimi namtanguliza Adrien Atiman, mlei. Alitekwa utotoni katika nchi iitwayo leo Mali, akakombolewa na wamisionari hao, akasomea utabibu Malta, kisha akafika Karema mwaka 1889. Alitibu na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 katika kituo kimoja! Watumishi wa umma wanaoomba uhamisho kila mwaka watanielewa.

Nalisema hili kwa sababu neno “huyu si wa kwetu” halijatoweka parokiani wala maofisini. Atiman hakuwa wa kwao. Jimbo la Karema lilibadilishwa jina mwaka 1969, likaitwa Sumbawanga. Na hospitali ya Kanisa mjini humo inaitwa Dkt. Atiman.