Mtoto wa mbele ya wakati: sindano ya kutayarisha mapafu, na masaa ya kuipata

Mtoto akizaliwa mbele ya juma la 37 la mimba, waganga wanamuita prematire. Watu wanashangaa udogo wake, lakini kinachomuua haraka mara nyingi ni pumzi. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo sana vya hewa. Ili visishikamane kila mtoto anapotoa pumzi, mwili unatengeneza kitu laini kinachovipaka ndani, jina lake safaktanti. Kinaanza kutosha karibu na juma la 34 au 35. Mtoto wa majuma 29 hana ya kutosha, kwa hiyo kila pumzi kwake ni kama kupuliza baluni mpya. Anachoka.

Dawa ya kusaidia ipo tangu zamani, na anayedungwa ni mama, mtoto akingali tumboni. Mwaka 1972, Liggins na Howie, waganga wa New Zealand, walionyesha kwamba dawa za aina ya kotikosteroidi zinaharakisha mapafu ya mtoto kukomaa. Liggins alikuwa ameona jambo hilo kwanza kwa wana-kondoo. Leo inayotumiwa sana ni deksametazoni: sindano nne, moja kila masaa 12, yaani karibu siku mbili. Si dawa ya bei kali. Kinachokosekana kwetu ni yale masaa, juu mama wengi wanafika ku materniti kichwa cha mtoto kikiwa tayari mlangoni.

Lakini isitolewe ovyo. Utafiti uliotangazwa 2015, uliofanywa katika inchi sita, pamoja na Kenya na Zambia, ulionyesha kwamba kuitawanya fasi ambapo hakuna matunzo mazuri hakukupunguza vifo. Vifo vya watoto viliongezeka kidogo. Mwaka 2020 utafiti mwingine wa OMS, ndani ya hospitali zenye uwezo, ulionyesha kinyume: watoto wengi zaidi walipona. Ndio maana OMS inaomba mambo haya: mimba iko kati ya juma la 24 na 34 na tarehe inajulikana, kuzaa kunakaribia kweli, mama hana maambukizo, na hospitali inaweza kutunza mama na mtoto. Mama asiende kununua sindano hiyo mwenyewe ku farmasi.

Hiyo tarehe inaanzia ku CPN. Mama anayekwenda mapema, anayekumbuka siku ya mwisho aliona mwezi wake, na anayechunga fishi yake hata wakati wa kukimbia vita, anampa muganga kitu cha kuhesabia. Ku CPN wanatoa pia dawa ya kuzuia malaria, na malaria ni moja ya mambo yanayoleta watoto mbele ya wakati. Tumbo likikaza na kulegea mara kwa mara, maji yakivunjika, ao damu ikitoka mbele ya juma la 37, asingoje asubuhi.

Mtoto akisha kuzaliwa, baridi ni adui wa pumzi. Akipoa, anatumia oksijeni nyingi kuliko aliyo nayo. Kuvezi ni chache, lakini kifua cha mama kipo: ngozi kwa ngozi, mtoto na kofia na kushi tu, kikwembe juu. Njia hiyo, ya kangaru, ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Baba ao shangazi anaweza kumpokea mama akichoka. Hospitali zingine ziko na mashine ndogo ya CPAP, inayosukuma hewa puani ili mapafu yasifunge.

Pumzi zaidi ya 60 kwa dakika, kifua kinachoingia ndani, mlio wa kuguna, pua kupanuka, midomo kuwa ya bluu: hapo ni muganga mara moja. Na kama ni pikipiki tu inayopatikana, mtoto asafiri akiwa amefungwa kifuani mwa mama, uso ukiwa wazi, shingo isijikunje.